Viza ya Marekani, Nairobi: dola 185 kwa dakika chache dirishani

Sera ya nje ya Marekani hutangazwa Washington, lakini Mkenya wa kawaida huionja Gigiri, ulipo ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, mbele ya kioo cha usaili wa viza. Tukiipima viza ya matembezi na biashara (B1/B2) kama huduma nyingine yoyote ya kulipia, kasoro yake inajitokeza mapema: ada ni dola 185, na hairudishwi hata ukinyimwa.

Kazi huanza na fomu DS-160, ambayo ni bure na iko mtandaoni. Ukurasa ukikaa dakika 20 bila kuguswa unajifunga, kwa hiyo nakili namba ya fomu mwanzoni kabisa na uhifadhi kila hatua. Picha iwe ya sentimita 5 kwa 5, nyuma kweupe, bila miwani, iliyopigwa ndani ya miezi 6. Utaulizwa pia akaunti zako za mitandao ya kijamii za miaka mitano iliyopita. Hili liliongezwa 2019, na ndilo linalowaudhi vijana kuliko maswali mengine yote.

Wengi huharibikiwa saiba, yaani kwenye duka la intaneti. Anayekujazia anaandika "mkurugenzi" ili upendeze, nawe dirishani unasema unauza mitumba. Hapo umejikaanga. Uongo ukithibitika, unaweza kufungiwa mlango wa Marekani maisha.

Ulinzi ni mkali na simu haiingii. Sababu ipo: ubalozi ulikuwa katikati ya jiji hadi bomu la 7 Agosti 1998, lililoua watu 213 Nairobi, karibu wote Wakenya. Ila ukiwa kwenye foleni asubuhi na mapema, ukuta ule unasomeka kana kwamba wewe ndiwe unayeogopwa.

Ndani huchukuliwa alama za vidole vyote kumi, kisha maswali: unakwenda kufanya nini, nani analipa, unafanya kazi gani, umemwacha nani nyumbani. Usaili huisha kwa dakika chache, na hati ya shamba pamoja na taarifa za benki mara nyingi hurudi zilivyokuja. "Hata faili langu hakulifungua," ndilo lalamiko la kila siku. Chanzo ni kifungu 214(b) cha sheria ya uhamiaji ya 1952: afisa anatakiwa amhesabu kila mwombaji wa viza hii kuwa anataka kuhamia, mpaka mwombaji amwonyeshe vinginevyo. Adabu ya afisa haibadilishi hesabu hiyo. Akaunti iliyonona ghafla wiki mbili kabla ya usaili ndiyo inayozidi kumtia shaka.

Ukikataliwa unapewa barua iliyokwisha kuchapwa, isiyosema kilichopungua kwako hasa. Rufaa hakuna. Unaruhusiwa kuomba tena, kwa dola 185 nyingine, na kurudi mwezi ujao bila kazi mpya wala badiliko lolote la maana ni kuchoma pesa.

Mmarekani anayekuja Kenya hujaza kibali cha eTA mtandaoni kwa dola 30 hivi, bila kusailiwa. Tofauti hiyo kila mtu anaijua. Tanzania nayo, Oktoba 2025, iliingizwa kwenye orodha ya nchi ambazo raia wake wanaweza kudaiwa dhamana ya dola 5,000, 10,000 au 15,000 juu ya ada. Ukimsimulia mtu wa Dar habari za urafiki wa mataifa, atakuuliza bei. Jina zuri ambalo PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, imelijenga tangu 2003 kwa dawa za ARV, dirisha hili linalila kama duka linalokula mtaji.

Kwa mpangilio wa mtandaoni naipa nyota nne. Kwa thamani ya pesa, moja.

Ukiipata, kagua herufi za jina na namba ya pasipoti siku hiyohiyo. Tarehe iliyo kwenye viza si muda wa kukaa: siku zako huamuliwa na afisa wa mpakani utakapotua, na huandikwa kwenye rekodi ya I-94. Iangalie mtandaoni ukishafika, maana hiyo ndiyo utakayohesabiwa nayo.