Mbuzi mtamu, ila msiniite Dokta

Banda hili la nyama choma la Sinza, Dar es Salaam, nimelizoea kwa zaidi ya miaka miwili, na kwa upande wa chakula sina lawama: mbuzi huchomwa polepole juu ya mkaa hadi mafuta yanapoanza kuchuruzika, hukatwa vipande vidogo mbele ya mteja, kisha huletwa kwenye sinia pamoja na ndizi za kuchoma, kachumbari, ndimu na pilipili ya kusaga. Maji ya kunawa huja ya vuguvugu, jambo ambalo mabanda mengi hulipuuza.

Kasoro yake ni moja, nayo inatokana na ukarimu. Mhudumu humtambua kila mteja kwa kazi yake, na nyama inapoiva hutangaza kwa sauti inayofika barabarani: "Dokta, mbuzi wako tayari!" Amani yangu huishia hapo. Mwezi uliopita, kabla sijamaliza kunawa, bwana mmoja wa meza ya jirani alikwisha kukunja suruali hadi gotini na kupandisha mguu juu ya kiti ili nitazame kidonda kisichopona. Wa pili alitaka kujua kama anaweza kuacha dawa za presha kwa kuwa siku hizi hasikii kizunguzungu.

Wapo wanaodhani kwamba sisi tunaoficha kazi zetu tunaringa. Tatizo ni kwamba jibu la mezani huchukuliwa kuwa tiba, ilhali aliyelitoa hana faili, hana kipimo cha sukari, wala hajui mgonjwa anatumia dawa gani nyingine. Presha iliyopanda mara nyingi haina dalili, hivyo kutosikia kizunguzungu hakuthibitishi lolote. Na kidonda cha mguu cha mwenye kisukari, kikicheleweshwa, kinaweza kuishia kwenye kukatwa mguu. Nimwambie nini mtu wa namna hiyo huku nimeshika mfupa? Nilimsihi afike kituo cha afya asubuhi yake, akaondoka akinung'unika kwamba nimemnyima msaada. Baada yake huja wenye malalamiko ya foleni, ya bima na ya dawa zisizokuwepo, kana kwamba funguo za stoo ninazo mfukoni. Na mara chache, lakini hizo ndizo nzito, huja mtu anayeuliza kwa upole kama mama yake angepona laiti angewahishwa.

Kwingineko husema ninafanya kazi serikalini, na si uongo. (Mwenzangu mmoja alijiita mhasibu, wakamletea daftari la kikoba.)

Nilimweleza mhudumu haya yote wakati wa kulipa, naye hakukasirika. Jumamosi iliyopita alitangaza, "Meza ya nane!" na ndizi zangu nikazila zikiwa za moto. Nyama ninaipa nyota tano. Huduma ninaipa nne, na ya tano nitaiongeza atakapoacha kunikonyeza kila anapotangaza.