Darasa la Kituruki la jioni, Ntinda, Kampala

Nauza nguo Kikuubo, eneo la maduka mjini Kampala, na mzigo nautoa Istanbul, ndiyo maana nikajiandikisha. Shilingi 150,000 kwa mwezi, jioni mbili kwa wiki, na mwalimu anaeleza kwa Kiswahili. Maneno ninayo tangu zamani, ila wenye maduka kule kila mara waliniomba nirudie.

Siku ya tatu mwalimu aliandika ubaoni: nimesoma kitabu. Chini yake: kitap okudum. Akatusomea huku akigonga meza penye uzito wa sauti, yaani mkazo. Sisi tunagonga mwisho, kwenye kitabu. Waturuki wanagonga mwanzo, kwenye kitap, maana kwao kitenzi ndicho kinachofunga sentensi. Mimi miaka yote nilikuwa naukandamiza uzito kwenye okudum, kwa mazoea ya Kiswahili! Wafaransa nao huuweka mwisho kama sisi, kwa kuvuta silabi, ilhali Mturuki hupandisha sauti. Tuligonga meza mpaka saa mbili usiku.

Chumba ni kidogo, mvua ikipiga bati hamsikilizani. Kitabu cha mazoezi hakina hata alama moja ya mkazo, jambo linaloniuma sana, kwani ndiyo roho ya somo. Mwezi wa pili nimeshalipia.