Kutoka kidonge cha zamani hadi TLD: uzoefu wangu nikiwa Kigoma

Nauza dagaa Kibirizi, na ninaishi na VVU. Nilipimwa 2012, CD4, yaani chembe za kinga ya mwili, zikiwa 480, nikaambiwa bado ziko juu, nisubiri. Nilianzishiwa dawa 2014 zilipokwisha kushuka chini ya 350. Tangu 2016 ukikutwa na maambukizi unaanza dawa bila kungoja zishuke, na nawafurahia sana wanaoanza hivyo, maana kukaa miaka miwili unangoja uugue kunachosha roho.

Kidonge changu cha kwanza kilikuwa na efavirenz. Kilinisaidia, sitakikana, lakini ndoto zake! Asubuhi nashuka mwaloni kichwa kinazunguka kama vile nimo mtumbwini. Mwaka 2019 nikabadilishiwa TLD, yaani tenofovir, lamivudine na dolutegravir kwenye kidonge kimoja, mara moja kwa siku. Wiki ya pili tu nikawa nalala vizuri. Nimenenepa kidogo, basi.

Sasa hili ndilo lililonifanya niandike. Nina kiungulia cha siku nyingi, na kila usiku baada ya kumeza dawa nilikuwa natafuna vidonge vya magnesium vya dukani. Sikuruka dozi hata moja, lakini kipimo cha wingi wa virusi kwenye damu kikarudi 1,400, yaani virusi vimepanda. Nililia pale pale. Kwenye ushauri nasaha, muuguzi mmoja ndiye aliyeniuliza, "Mama, unatumia dawa gani nyingine?" Kumbe magnesium inaishika dolutegravir tumboni, mwili hauipati yote. TLD imezwe saa mbili kabla ya magnesium, au saa sita baada yake. Vidonge vya kuongeza damu navyo vina shida hiyo, ila hivyo unaweza kumeza pamoja na TLD ukiwa unakula. Nilipanga upya saa zangu, na kipimo kilichofuata kilisoma chini ya 50. Mume wangu hana maambukizi, na virusi vikiwa chini hivyo simwambukizi kwa kujamiiana.

Dawa ni bure, vipimo pia. Malalamiko yangu ni mawili. Kopo la vidonge 90 linalia mkobani kama kayamba. Nimeshindilia pamba juu ya vidonge, ndiyo dawa yangu ya kwenye basi. Na benchi la kusubiri kwenye kliniki yangu linatazama barabara, wateja wangu wanapita wakiniona. Nimewaambia mara mbili waligeuze. Bado.

Ila kwa tarehe za kliniki nawashukuru. Niliwaomba ziangukie siku za mbalamwezi, mitumbwi ikiwa imepumzika na mimi sina mzigo. Vidonge 90 ni kama miezi mitatu ya angani, kwa hiyo mbalamwezi ya tatu ikifika, kopo linakuwa limebaki kidonge kimoja au viwili, nami ndiyo nakwenda.