Mnara au matembezi: tuwakumbuke vipi watumwa waliopita Ujiji?

Kila inapokaribia Agosti 23, siku ya kimataifa ya kukumbuka biashara ya utumwa na kukomeshwa kwake, swali hili hurudi hapa Kigoma.

Mnara unataka fedha nyingi kwa mkupuo, kisha rangi, uzio na mlinzi. Lakini haungoji mtu aitishe kikao. Mgeni akija siku yoyote anaukuta. Ujiji tayari kuna kumbukumbu ya wavumbuzi wa Kizungu Livingstone na Stanley, waliokutana hapo 1871. Mateka walioswagwa kwa minyororo hadi Bagamoyo, zaidi ya kilomita 1,000, wakabebeshwa pembe za ndovu, na waliofika Unguja wakalimishwa mikarafuu, wengi wao hawana hata jina lililoandikwa. Hilo linaniuma, na hapo mnara una hoja nzito.

Matembezi ni nafuu: maji, spika, kibali. Yanapita chini ya miembe mikongwe ya njia ya misafara, wazee wakisimulia, watoto wakiuliza. Jiwe halijibu swali. Ila waandaaji wakichoka, mwaka unapita kimya.

Mtaa wenye wazee wasimulizi uanze matembezi mwaka huu huu, wangali hai. Halmashauri yenye kiwanja na bajeti ya matunzo ijenge.