Cisco Catalyst 2960-X ya mtumba: swichi inayosema inaumwa wapi

Cisco iliileta Catalyst 2960-X, swichi ya kuunganisha kompyuta na vifaa vingine vya mtandao, mwaka 2013 na ikaacha kuiuza tarehe 31 Oktoba 2022. Hata hivyo bado ni rahisi kuikuta, iwe kwenye raki za ofisi, shule na hoteli, au kwenye maduka ya vifaa vilivyotumika, kuanzia Kariakoo hadi Luthuli Avenue, ambako wengine huiita "ex-UK". Swali ni kama bado inafaa kununuliwa. Jibu letu ni ndiyo, kwa sababu moja kubwa: mtandao ukiharibika, swichi hii inakuonyesha kasoro ilipo. Swichi nyingi za bei ya chini hukuachia taa tu na kukisia. Lakini ina udhaifu wake, na mwingine huanza siku ile ile unapotoa pesa dukani.

Anza na herufi za jina, maana swichi mbili zinazofanana kwa sura zinaweza kutofautiana sana. WS-C2960X-24PS-L ina poti 24 zinazotoa umeme wa PoE (umeme unaopita kwenye waya wa mtandao) wa jumla ya wati 370, na nafasi 4 za SFP (moduli za kuchomeka, hasa za fiber) za gigabiti 1. Ukiona D badala ya S, kama kwenye 48FPD-L, una nafasi 2 za SFP+ za gigabiti 10. Herufi T maana yake haina PoE kabisa. Kwa zenye poti 48, LP ni wati 370 na FP ni wati 740. Mkia wa jina ndio unaowaponza wengi: "-L" ni LAN Base, ila "-LL" ni LAN Lite, toleo lililopunguzwa, ambalo haliungiki kwenye staki (swichi kadhaa zinazofanya kazi kama moja) na linaishia VLAN 64 (mitandao iliyotenganishwa ndani ya swichi). Muuzaji akikuambia "zote ni 2960-X tu", soma lebo ya nyuma mwenyewe.

Ukifika nayo mezani, usiichomeke kwenye mtandao unaofanya kazi. Swichi ya mtumba huja na usanidi wa mwenye mali wa zamani, na humo ndani kuna faili la vlan.dat lenye namba ya marekebisho ya VTP, itifaki inayosambaza orodha ya VLAN kati ya swichi. Namba hiyo ikiwa kubwa kuliko ya swichi zako, na jina la kikoa cha VTP likalingana, swichi ngeni inaweza kufuta orodha ya VLAN za ofisi nzima ndani ya sekunde chache. Kwa hiyo konsoli kwanza, yaani poti ya kuisanidi swichi moja kwa moja kwa waya: kasi ya 9600, biti 8, bila pariti, stop 1. Hapa kuna mtego mdogo. Swichi ina konsoli mbili, ya RJ-45 na ya mini-USB, na zote zikiwa zimechomekwa, ya USB ndiyo inayotawala. Waya wa mini-USB uliosahaulika kati ya swichi na kompyuta utakufanya udhani konsoli ya RJ-45 imekufa.

Nywila ya zamani huna? Chomoa umeme, bonyeza kitufe cha Mode, chomeka umeme huku umekishikilia mpaka konsoli ikuletee alama ya "switch:". Kisha:

flash_init
dir flash:
rename flash:config.text flash:config.old
boot

Ikiamka, kataa maswali ya usanidi wa mwanzo, ingia enable (hali ya msimamizi), halafu safisha kabisa:

write erase
delete flash:vlan.dat
delete flash:config.old
reload

Ukishasafisha, weka "vtp mode transparent" kabla ya kitu kingine chochote. Ongeza "no vstack". Amri hiyo inazima Smart Install, huduma ya kusanidi swichi mpya kwa mbali, inayosikiliza kwenye poti ya TCP 4786 na iliyobeba udhaifu wa CVE-2018-0171, unaomwezesha mtu wa mbali kuiangusha swichi au kuitumia atakavyo bila nywila. Ni mstari mmoja tu, na hakuna sababu ya kuuacha.

Ile "dir flash:" isome kwa makini. Kama hakuna faili la IOS, yaani programu endeshi ya swichi, muuzaji amekuuzia kazi ya usiku. Kulirudisha kwa xmodem, yaani kupitia waya wa konsoli, kwenye kasi ya 9600 hupitisha baiti zisizozidi 960 kwa sekunde, kwa hiyo faili la megabaiti 25 litachukua zaidi ya saa 7. Kabla ya kuanza andika "set BAUD 115200" kwenye alama ile ile ya "switch:", badilisha na kasi ya programu ya kompyuta yako, na kazi itakwisha kwa muda usiofika saa moja. Ukimaliza rudisha 9600, la sivyo fundi atakayekuja baadaye ataona herufi za ajabu tu kwenye skrini.

Kuna jambo la bidhaa bandia, na kwa modeli hii si uvumi. Mwaka 2020 kampuni ya usalama ya F-Secure ilichapisha uchunguzi wa swichi mbili bandia za familia hii, aina ya 48TS. Zilikuwa zikifanya kazi vizuri mpaka zilipowekewa toleo jipya la programu, zikagoma. Zilikuwa zimetengenezwa kuruka ukaguzi unaohakikisha programu na vifaa ni halali. Kwa hiyo kipimo cha dukani ni hiki: linganisha namba ya mfululizo (serial number) ya "show version" na ya "show inventory" na ile ya lebo ya nyuma, kisha weka toleo jipya la IOS mbele ya muuzaji na uiwashe upya. Anayekataa jaribio hilo amekujibu.

Sasa kwenye kazi yenyewe. Mtumiaji akisema "intaneti haipo", amri ya kwanza ni "show interfaces status". Poti inayosema notconnect ni tatizo la waya au la kifaa cha upande wa pili. Inayosema err-disabled imefungwa na swichi yenyewe, na "show interfaces status err-disabled" itakutajia sababu. Inayosema connected huku dupleksi ikiwa a-half (kutuma na kupokea kwa zamu, badala ya full, yaani kwa pamoja) au kasi ikiwa a-100 mahali unapotarajia gigabiti, hapo ndipo penye kazi.

Andika "clear counters", subiri dakika kumi watu wakiendelea kutumia, halafu "show interfaces gi1/0/7 counters errors". FCS (fremu zilizofika zimeharibika) zikipanda upande mmoja na Late-Col (migongano ya kuchelewa) zikipanda upande wa pili, ni ugonjwa wa dupleksi: mtu amefunga upande mmoja kwenye 100 full, na upande ulioachwa auto ukashindwa kupatana, ukaangukia half. Dawa ni kuacha pande zote auto, au kufunga zote mbili sawasawa. FCS zikipanda bila Late-Col, shuku waya.

Hapo ndipo 2960-X inapojipatia heshima yetu. Ndani yake ina kipimo cha TDR, kinachotuma mpigo kwenye waya na kusoma mwangwi wake:

test cable-diagnostics tdr interface gi1/0/7
show cable-diagnostics tdr interface gi1/0/7

Subiri sekunde chache kati ya amri mbili hizo. Inakupa jozi nne za waya, kila moja na urefu wake kwa mita na hali yake: Normal (nzima), Open (imekatika) au Short (imegusana). Jozi ikisomeka Open kwenye mita 2 au 3, kasoro iko kwenye patch panel (paneli ya kuungia waya kwenye raki) au kwenye waya mfupi wa raki. Ikisomeka mita 58 kwenye waya unaojua una mita 60, nenda kwenye soketi ya ukutani ukapige pini upya. Jozi mbili zikiwa nzima na mbili zimekatika, umeelewa kwa nini kompyuta inapata megabiti 100 na haipati gigabiti: 100 inatosheka na jozi mbili, gigabiti inataka zote nne. Kwetu chanzo cha kawaida ni kebo ya CCA, yaani alumini iliyopakwa shaba, inayouzwa kwa sura ya Cat6. Hukatika kirahisi kwenye pini na hupata joto inapobeba PoE. Tahadhari moja: kipimo hukata mawasiliano ya poti kwa muda mfupi, basi usikipige kwenye njia ya kwenda kwa seva saa za kazi. Kwenye nafasi za SFP hakifanyi kazi. Huko tumia "show interfaces transceiver detail" usome nguvu ya mwanga, ikiwa moduli yenyewe inaripoti.

Kitanzi, yaani data kuzunguka bila kikomo kwenye njia zilizojirudia, ndicho kinachoangusha ofisi nzima kwa mara moja. Dalili zake ni taa zote kumeta kwa pamoja, "show processes cpu sorted" kuonyesha prosesa imeelemewa, na kumbukumbu kujaa ujumbe wa MACFLAP_NOTIF, anwani moja ya MAC ikirukaruka kati ya poti mbili. Ujumbe huo wenyewe unakutajia poti hizo mbili, basi anzia hapo. Ukitaka kujua mabadiliko ya spanning-tree, itifaki ya kuzuia vitanzi, yanatokea upande gani:

show spanning-tree detail | include ieee|occurr|from|is exec

Inakuonyesha badiliko la mwisho lilitokea lini na kutoka poti ipi. Ifuate swichi kwa swichi mpaka ufike mezani, ambako mara nyingi utakuta mtu amechomeka ncha zote mbili za waya mmoja kwenye kiswichi kidogo. Kinga yake ni portfast (poti kufunguka mara moja) na bpduguard (poti kufungwa ikipokea BPDU, ujumbe wa spanning-tree) kwenye poti zote za watumiaji. Lakini viswichi vingine vidogo havipitishi BPDU, na bpduguard haitaona kitu. Ndiyo maana tunaongeza "storm-control broadcast level 1.00" pamoja na "storm-control action shutdown". Kuhusu errdisable recovery, muda wake wa kawaida ni sekunde 300. Usiiwashe kabla hujakitoa kitanzi, maana poti itafunguka na kuiangusha ofisi tena kila baada ya dakika tano.

Kwenye PoE hesabu yake inawachanganya watu. Swichi hutenga umeme kwa daraja la kifaa, siyo kwa matumizi yake halisi. Kamera ya daraja la 0 inatengewa wati 15.4 hata kama inakula wati 5. Kwenye wati 370 hiyo ni kamera 24, na ya 25 itanyimwa, huku kumbukumbu ikiandika POWER_DENY ilhali umeme mwingi umelala tu. Ukifunga akses pointi zinazotengewa wati 30, ni 12. "show power inline" inaonyesha yote haya. Kama una hakika na matumizi ya kamera, andika "power inline consumption 7000" kwenye poti yake, namba ikiwa ni miliwati. Usikosee ukaandika "power inline auto max 7000"; hiyo huweka ukomo, na kifaa ambacho daraja lake linauzidi hakipewi umeme kabisa. Na ukiandika consumption ndogo kuliko ukweli, unaielemeza pawa saplai.

Pawa saplai ndiyo sehemu tunayoilaumu zaidi. Imefungwa ndani, haichomoki. Ni ndugu yake tu, 2960-XR, aliye na nafasi mbili za pawa saplai za kubadilisha bila kuzima. Mahali ambapo umeme hukatika na kurudi kwa kishindo, hili ni pengo kubwa: pawa saplai ikiungua, swichi nzima inatoka kwenye raki. Iweke nyuma ya UPS yenye kudhibiti volti, siyo kwenye soketi tupu. Joto la kufanyia kazi linafika nyuzi 45, na kikomo hicho hushuka kadiri unavyopanda juu ya usawa wa bahari. Kwa Mombasa au Unguja, kabati lililofungwa bila hewa linakaribia kikomo hicho, na chumvi pamoja na vumbi humaliza feni mapema. "show env all" itakuonyesha hali ya feni na joto. Iangalie kila mwezi.

Lawama ya pili ni bafa, yaani kumbukumbu inayoshikilia data inayosubiri kutoka. Mwenye mali wa zamani, au fundi aliyewasha auto qos (kuipa sauti kipaumbele) kwa ajili ya simu, huacha "mls qos" ikiwa hai. Hapo bafa za kutokea hugawanywa kwa foleni nne, robo robo, na trafiki ya kawaida inabaki na robo yake. Matokeo yake ni output drops (pakiti zinazotupwa wakati wa kutoka) nyingi kwenye poti ambayo haijafikia hata nusu ya kasi, na malalamiko kwamba kunakili mafaili kunakwamakwama. Kama huna simu za IP, andika "no mls qos" na drops zitapungua papo hapo. Kama unazo, itabidi urekebishe mgao wa queue-set, na hiyo ni kazi ya subira.

Staki inahitaji moduli ya C2960X-STACK kwa kila swichi pamoja na kebo zake, na mara nyingi haviji kwenye bei ya mtumba. Ukivipata, unaunga hadi swichi 8. "show switch" ikisema Version Mismatch, toleo la IOS halilingani. Sawazisha kwanza kabla ya kushuku kebo. SFP za makampuni mengine hufungwa kwa sababu ya gbic-invalid. "Service unsupported-transceiver" pamoja na "no errdisable detect cause gbic-invalid" huzifungulia, ingawa Cisco haitakusaidia ukiwa nazo.

Mwisho wa msaada wa Cisco kwa familia hii ni tarehe 31 Oktoba 2027. Kwa anayenunua leo, tunaipendekeza kwenye ghorofa za watumiaji, kamera na simu, usimamizi wake ukiwa kwenye VLAN yake, SSH peke yake, na ACL (orodha ya wanaoruhusiwa) kwenye vty, yaani njia za kuingia kwa mbali. Kwenye kiini cha mtandao, au mahali ambapo kuzimika kwa saa moja ni hasara, tafuta 2960-XR, au ongeza bajeti ufike kwenye Catalyst 9200L, ambayo ina nafasi mbili za pawa saplai za kuchomoa na bado ina TDR ile ile.