Suti ya mvua ya bodaboda: kagua msamba kabla hujalipa

Masika yanapokaribia, maduka ya Kariakoo hutundika mlangoni suti za mvua za vipande viwili: koti na suruali ndani ya kimfuko kimoja, nyeusi au bluu nzito, zenye utepe wa kung'aa kifuani na mgongoni. Nyingi hazina hata jina la kiwanda. Tunaipima hapa ile ya naironi iliyopakwa PVC kwa ndani, kwa kuwa ndiyo madereva wengi wa bodaboda wanayoimudu. Ni bora kuliko koti refu la kujifunika, ambalo upepo hulipeperusha hadi kwenye gurudumu, na ni bora mara nyingi kuliko ule mwavuli mkubwa unaofungwa kwenye pikipiki, ambao lori likipita kwa kasi hugeuka tanga. Ila ina sehemu mbili zinazowaponza wanunuzi: msamba na mguu wa kulia.

Tuanze na msamba. Ukishakaa kitini, maji yanayoteremka kifuani hukusanyika mapajani na kufanya kidimbwi kati ya tangi na kiti. Hapohapo ndipo mishono ya suruali inapokutana, na kila tundu la sindano ni njia ya maji. Suti iliyoshonwa vizuri ina utepe mwembamba wa plastiki uliobandikwa kwa joto juu ya mishono, upande wa ndani. Igeuze suruali dukani uutafute utepe huo, na usiridhike kuuona mguuni tu, maana mafundi wengi huishia karibu na msamba kwa kuwa pale pana kona ngumu. Muuzaji akiwa muungwana, mwombe glasi ya maji. Bonyeza kitambaa cha msamba kiwe kama kikombe, upande wa nje ukiwa juu, mimina maji, subiri dakika 5, kisha pitisha kiganja chini yake. Kiganja kikitoka na unyevu, chagua nyingine.

Mguu wa kulia adui yake ni ekzosi. Suruali hizi zina mdomo mpana ili zivaliwe juu ya viatu, na kitambaa kinachopepea kikigusa bomba la moto huyeyuka papo hapo, kikaacha tundu mguuni na utando mweusi unaonuka juu ya ekzosi. Vifungo vya kifundoni vinavyokuja na suti havitoshi. Kaza mguu kwa lastiki pana chini kidogo ya goti na nyingine kifundoni, na hakikisha kinga ya ekzosi ipo na skrubu zake zimekaza.

Kuhusu saizi, chukua moja juu ya unayovaa kila siku, na usiipime ukiwa umesimama. Kalia pikipiki yoyote iliyoegeshwa nje ya duka, kunja magoti, nyoosha mikono hadi kwenye usukani. Suruali ikipanda ikaacha kifundo wazi, maji yataingia kiatuni. Ukivaa gambuti, suruali ipite juu ya gambuti. Wanaochomeka suruali ndani hushangaa kwa nini miguu imeloa wakati suti ni nzima: gambuti limegeuka ndoo. Mkononi ni vivyo hivyo, mkono wa koti ufunike mdomo wa glavu.

Zipu ya koti haizuii maji yenyewe. Kinachozuia ni kile kitambaa kinachoifunika. Kikiwa kimoja, mvua ya mbele kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa hupenya pembeni. Viwili vinavyolaliana, vyenye utepe wa kunata kuanzia shingoni hadi chini, ndivyo vya kununua.

Kofia ya koti hatuipendi kabisa. Ukiivaa chini ya helmeti, helmeti haikai sawasawa, na ukigeuza shingo kuangalia nyuma kofia inabaki palepale ikikuziba jicho. Ikunje ndani ya kola, au ikate.

Rangi nyeusi ni kosa la kiwanda. Dereva anayevaa suti juu ya riflekta yake amejizima taa mwenyewe, saa ileile ambayo wenye magari hawaoni vizuri. Riflekta ivaliwe juu ya koti. Ule utepe wa suti usugue kwa kidole gumba dukani. Ukiacha unga wa fedha kidoleni, hautafika mwisho wa masika.

Wengi huirudisha suti wakidai inavuja kumbe ni jasho. PVC haipitishi hewa, na joto la Dar es Salaam halipungui sana kwa mvua. Jasho huloanisha mgongo na kwapa sehemu pana. Uvujaji huchora mstari, kwenye zipu, shingoni au msambani. Vaa fulana nyepesi ndani na uache jaketi zito nyumbani.

Suti pia humpa dereva ujasiri ambao tairi halina. Dakika za mwanzo za mvua ndizo mbaya zaidi, kwani oili na vumbi huelea juu ya lami kabla hayajasombwa, hasa kwenye mizunguko na vituo vya daladala. Kwa kilomita 40 kwa saa pikipiki hukata mita 11 kila sekunde, kwa hiyo acha nafasi mara mbili ya ile ya kiangazi, na usishike breki juu ya michoro ya zebra au mfuniko wa chuma. Kashata za tairi, yaani yale meno yanayoshika barabara, zikibaki chini ya milimita 2, hela ya suti inunue tairi kwanza. Na abiria asikubaliwe kufungua mwavuli, hata akilalamika vipi. Kama ana kanga au dera, alikusanye chini ya mapaja lisifike kwenye spoku.

Suti ikipata tundu, gundi ya mabomba ya PVC isiguswe, kwa sababu hukauka ngumu na kupasuka kwenye mkunjo. Solusheni ya kuzibia tyubu nayo hubanduka. Gundi ya mafundi viatu hushika vizuri zaidi: safisha kwa spiriti, paka pande zote mbili, subiri dakika 10, bandika kiraka kilichokatwa kutoka kwenye ile kofia uliyoitoa. Baada ya mvua itundike kivulini kwenye hanga. Ukiikunja mbichi na kuisukumia chini ya kiti, itaota ukungu, na mikunjo ndiyo itakayopasuka kwanza.