Sindano ya haidroksokobalamini miligramu 1: dawa nzuri, ratiba ndiyo inayoiangusha

Haidroksokobalamini ni aina ya vitamini B12 ya sindano. Ampuli (kichupa) yenyewe ni ndogo, mililita 1 tu, na maji yake ni mekundu. Hiyo ndiyo rangi yake halali, haijaharibika. Huchomwa kwenye msuli, na huhifadhiwa ndani ya boksi lake kwa sababu mwanga huivunja.

Kwa mwenye anemia ya penishasi, yaani upungufu wa damu unaotokana na mwili kushindwa kufyonza B12, hatuoni dawa bora kuliko sindano hii. Kingamwili zake zimeshambulia seli za tumbo zinazotengeneza protini ya kuibeba B12 hadi mwisho wa utumbo mwembamba, inakofyonzwa. Sindano inaikwepa njia hiyo yote. Ikilinganishwa na sianokobalamini, aina nyingine ya B12, haidroksokobalamini hukaa mwilini muda mrefu zaidi, ndiyo maana dozi za kudumu huachana kwa miezi 2 au 3 badala ya mwezi 1.

Vidonge vya B12 visidharauliwe. Kidonge cha mikrogramu 1000 hupenyeza takriban asilimia 1 bila kuhitaji protini ile, yaani kama mikrogramu 10, na mtu mzima anahitaji 2.4 tu kwa siku. Kwa damu vinatosha wengi, mradi vimezwe kila siku. Lakini ganzi ya miguu, kuyumba gizani na kushindwa kuhisi mtetemo wa uma wa sauti (chuma cha daktari kinachotetemeka kikigongwa) kwenye vidole vya miguu ni dalili kwamba uti wa mgongo umeguswa. Hapo ni sindano, na ianze mara moja: damu ya vipimo ichukuliwe kwanza, kisha mtu achomwe bila kungoja majibu.

Tatizo kubwa liko kwenye ratiba. Utaratibu wa Uingereza kwa asiye na dalili za neva ni miligramu 1 mara 3 kwa wiki, kwa wiki 2, kisha dozi za kudumu. Mwenye dalili za neva huchomwa siku moja, akaruka moja, hadi nafuu ikome kuongezeka, halafu kila miezi 2. Wengi hukatishwa baada ya zile wiki 2 kwa kuwa damu inapanda. Damu ina haraka: chembe changa nyekundu huongezeka ndani ya wiki ya kwanza, hemoglobini hurudi kawaida baada ya miezi 2 hivi. Neva huchukua miezi mingi, na ganzi inaweza hata kuzidi kidogo mwanzoni. Kupima B12 ili kuamua kama dozi inatosha hakusaidii, maana baada ya sindano kiwango hupanda tu.

Asidi ya foliki peke yake ni hatari hapa. Inarekebisha damu, mgonjwa anaonekana amepona, huku uti wa mgongo ukiendelea kuharibika. B12 itangulie.

Sindano za mchanganyiko wa B1, B6 na B12 hatuzipendekezi. Tatizo ni B12, na B6 nyingi kwa muda mrefu yenyewe huleta ganzi ya miguu, kisha hakuna anayejua kipi kinasababisha nini.

Aliyeishiwa damu sana apimwe potasiamu siku za mwanzo, kwani seli mpya huifyonza kwa kasi na moyo unaweza kuyumba. Na kabla ya upasuaji au kung'olewa jino, daktari aambiwe: gesi ya nitrasi oksaidi, inayotumika kutuliza maumivu, huilemaza B12 iliyomo mwilini.